Plasi Kwenye Bodi: Betri na Nyaya za Matrekta Yetu ya Zamani

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya siku mbili ya madereva, mafundi na kamati za matrekta ya vikundi.



  Tumeombwa kuzungumza juu ya betri. Mlipoona ratiba, wengine mlisema betri si jambo la kumweka mratibu asubuhi nzima, kwamba betri ni ya fundi, na mratibu aongelee ripoti na mahesabu. Tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tunayotaka kusema yaligusa mahesabu, yakagusa chakula cha familia, na yaligusa jina la mtu.

Mwezi Machi 2022 mvua zilianza kunyesha, na kikundi kimoja cha wakulima katika dayosisi yetu kilikuwa kimeandikisha mashamba ya wanachama kwa foleni, kila mmoja na siku yake. Trekta lao ni Massey Ferguson 35, la dizeli, walilolinunua kwenye mnada wa shamba moja kubwa. Matrekta ya namna hiyo yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1957 na 1964, kwa hiyo ni makubwa kwa umri kuliko wengi tuliokaa hapa. Betri ikafa. Ofisi ya miradi, yaani sisi, tukanunua betri mpya, tukampa kijana fundi apeleke na kuifunga. Kijana alikuwa amesoma umeme wa magari, na alifanya kama alivyofundishwa: mainasi kwenye bodi, plasi kwenye stata.

Trekta likawaka mara moja. Watu wakapiga makofi. Taa zikawaka. Dereva akaingia shambani na plau, na kabla hajamaliza mistari michache moshi ukatoka chini ya boneti. Akavuta kizimio, injini ikazima, lakini moshi haukukoma. Akachukua spana akaanza kufungua betri huku nyaya zinaendelea kuungua, na kiganja chake kikaungua pia. Katauti iligandamana, dainamo iliungua, na fungu zima la nyaya kutoka kwenye dainamo mpaka kwenye dashibodi lilikuwa limeyeyuka na kushikana.

Trekta lilikaa wiki tatu. Waliokuwa mwisho wa foleni walipanda kwa jembe la mkono walichoweza, na mvua haikuwasubiri. Kamati ilikaa kikao, na kwa kuwa betri ilikuwa mpya na fundi alikuwa ametoka ofisini kwetu, lawama ikamwangukia dereva. Ikasemwa amebadilisha betri njiani, ameuza ile mpya na kuweka mbovu. Akasimamishwa kazi. Sisi tulipopata barua ya kamati tuliipokea, tukaiweka kwenye faili, wala hatukuuliza swali hata moja. Hilo tunalikiri mbele yenu.

Tulipopata kitabu cha trekta lile kutoka kwa fundi mmoja mzee, na tukafungua ukurasa wa mchoro wa umeme, ndipo tulipoelewa. Katika trekta lile, kinachofungwa kwenye bodi ni plasi.

Ndugu zangu, jambo hili si ubovu, wala si kosa la aliyelitengeneza. Betri ina vichwa viwili, na umeme lazima utoke upande mmoja na kurudi upande wa pili. Ili kupunguza nyaya, watengenezaji hutumia chuma cha trekta lenyewe kama njia ya kurudia. Kichwa kimoja cha betri hufungwa kwenye bodi, na huo ndio tunaouita waya wa ethi. Taa, stata na dainamo, vyote huwa vimeshika bodi kwa upande mmoja. Kichwa kipi kifungwe kwenye bodi, hilo ni suala la makubaliano tu. Katika miaka ya 1930 viwanda vya Uingereza vilihamia kwenye plasi. Waliamini kwamba vichwa vya betri na nyaya haviliwi sana na kutu kwa njia hiyo, na kwamba kwa injini za petroli cheche ya plagi inaruka vizuri zaidi. Ndiyo maana Ferguson TE20, yale madogo ya kijivu, yana plasi kwenye bodi. Fordson Major na Dexta ni vilevile. Massey Ferguson 35 na 65 ni vilevile. Katika miaka ya 1960 viwanda vile vikarudi kwenye mainasi, hasa baada ya altaneta kuingia, na tangu hapo magari karibu yote mnayoyaona barabarani yana mainasi kwenye bodi. Kijana aliyesoma umeme leo hajawahi kukutana na kingine.

Kwa nini basi trekta liliwaka, wakati betri ilikuwa imegeuzwa? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Stata ya matrekta haya haijali. Ukigeuza betri, sumaku ya nje na sumaku ya ndani ya stata zinageuka pamoja, kwa hiyo inazunguka upande uleule. Balbu nayo haijali. Injini ya dizeli ikishawaka haihitaji umeme. Kila kitu kinaonekana kizuri. Anayejali ni dainamo.

Ndani ya dainamo mna vyuma vilivyobaki na sumaku kidogo tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi. Sumaku hiyo ndiyo inayokumbuka plasi iko wapi. Trekta likiwaka, dainamo inaanza kuzalisha umeme kwa kumbukumbu ileile ya zamani, wakati betri imegeuka. Katauti inaona umeme umetosha, inafunga njia ili betri ichajiwe. Basi badala ya dainamo kuisukuma betri, viwili hivyo vinazungushana upande mmoja, kama watu wawili waliokuwa wanasukumana kisha mmoja akageuka wakakimbia pamoja kuelekea bondeni. Umeme unakuwa mwingi kupita kiasi, pointi za katauti zinagandamana, na kuanzia hapo hata ukizima injini betri inaendelea kujimwaga ndani ya dainamo. Hivyo ndivyo dereva wetu alivyoona moshi usiokoma.

Kwenye altaneta ni haraka zaidi. Ndani yake mna diodi, na diodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Betri ikigeuzwa, zinaungua papo hapo, mara nyingi hata kabla hujapiga stata.

Sasa tuseme dalili, kwa maana siku ile dalili zilikuwapo, na hakuna aliyezisoma.

Ya kwanza ni kibanio. Kichwa cha plasi cha betri ni kinene kuliko cha mainasi. Tofauti ni kama milimita moja na nusu, macho yanaweza kuikosa lakini kibanio hakikosi. Siku ile kibanio cha upande mmoja kilikuwa kimelegea, kikachomekwa msumari ili kibane. Kile cha upande wa pili kilikataa kuingia, kikagongwa kwa nyundo. Mafundi mnacheka kwa sababu mnaujua msumari huo. Tunawaomba: kibanio kikilegea huku na kukataa kule, acheni nyundo, simameni mfikiri.

Ya pili ni rangi ya waya. Matrekta ya Uingereza yalitumia rangi kwa utaratibu. Waya wa kahawia unatoka kwenye betri moja kwa moja, bluu ni wa taa kubwa, nyekundu ni wa taa ndogo. Na waya mweusi ni ethi. Hapo sikilizeni vizuri: mweusi maana yake ni ethi, si mainasi. Kwenye trekta la plasi kwenye bodi, waya mweusi unaelekea upande wa plasi. Fundi aliyezoea kwamba nyekundu ni plasi na nyeusi ni mainasi ataingia shimoni akiwa na uhakika kabisa.

Ya tatu ni mita ya ampea kwenye dashibodi, kwa matrekta ambayo bado inayo na ni nzima. Injini ikiwa imezimwa, washeni taa kubwa. Sindano lazima ielekee upande wa kupunguza, kwa sababu taa zinakula betri. Ikielekea upande wa kuchaji, ama betri imegeuzwa, ama kuna mtu alibadilisha nyaya za mita. Kwa vyovyote vile msiwashe injini kabla ya kujua. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja na halina gharama.

Lingine lililotuchanganya ni mpangilio wa vichwa. Betri nyingine zina plasi kulia, nyingine kushoto. Ukinunua yenye mpangilio tofauti, nyaya za trekta zinakuwa fupi, hazifiki zinakotakiwa, ila zinafika vizuri sana zisikotakiwa. Anayetumwa dukani aende na betri ya zamani, au achore karatasi inayoonyesha plasi iko upande gani. Kusema betri ya trekta, ampea kadhaa, haitoshi.

Na msiamini alama iliyochorwa kwenye betri peke yake. Betri iliyokufa kabisa, au mpya iliyouzwa kavu, ikichajiwa kinyume na mwenye chaja inaweza kupokea chaji kinyume, ikatoka imeandikwa plasi mahali penye mainasi. Pimeni kwa mita. Mita ndogo ya kupimia umeme inauzwa bei ambayo kila kikundi hapa kinaweza, na tangu mwaka ule tumeiweka kwenye bajeti ya kila trekta. Pasipo na mita, chukueni nyaya mbili za shaba kutoka kwenye vichwa vya betri, mchomeke ncha zake kwenye kiazi mbichi kilichokatwa, bila kugusana. Baada ya muda upande wa plasi kiazi kinageuka rangi ya kijani. Hiyo ni njia ya wazee na haidanganyi.

Sasa tuje kwenye jambo la hatari zaidi, nalo ni kuazima umeme kwenye gari. Betri imelala asubuhi, pikapu ya mchungaji inaletwa, nyaya zinatandazwa. Pikapu ile bodi lake ni mainasi. Trekta lako bodi lake ni plasi. Kwa hiyo vyuma viwili hivyo vikigusana, mmekwisha kutengeneza shoti kubwa pale nyaya zinapofungwa. Bampa lisiguse gurudumu la chuma, mnyororo wa kuvutia usiwe umefungwa, tela lisiwe katikati. Plasi ya betri kwa plasi ya betri, mainasi ya betri ya trekta iende kwenye chuma cha injini ya pikapu, na hicho ndicho kiwe kibanio cha mwisho kufungwa na cha kwanza kufunguliwa, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo tu, na tindikali yake ikiingia machoni, maji safi mengi ndiyo msaada wa kwanza, kisha hospitali.

Vilevile kuna kanuni mliyofundishwa kwamba unapoondoa betri unaanza na mainasi. Kanuni hiyo ni sahihi kwa gari la leo, lakini sababu yake haiko kwenye mainasi. Unaanza na upande wa ethi, ili spana yako ikigusa bodi kwa bahati mbaya isilete shoti. Kwenye matrekta haya unaanza na plasi, na wakati wa kufunga plasi inakuwa ya mwisho. Mtu akikariri kanuni bila sababu yake, hapa spana inamwakia mkononi.

Wengine mmeuliza habari za simu. Tunajua madereva mnachaji simu kwenye trekta, na hatuwakatazi. Lakini kile kitundu cha chaja ganda lake la nje ni mainasi. Ukikifunga kwenye dashibodi ya chuma ya trekta lenye plasi kwenye bodi, ni shoti. Kifungwe kwenye kipande cha ubao au plastiki, na waya wake uwe na fyuzi.

Je, tuyageuze matrekta yetu yote yawe ya mainasi? Kamati mbili zimetuandikia zikitaka hivyo. Maoni yetu ni kwamba trekta ambalo dainamo yake inafanya kazi liachwe lilivyo. Likifungwa altaneta, hapo hakuna njia, nyingi za kisasa zinataka mainasi kwenye bodi. Kugeuza lenyewe si kazi ngumu. Betri inageuzwa, nyaya mbili nyuma ya mita ya ampea zinabadilishana, na kama ni injini ya petroli zile nyaya ndogo mbili za koili nazo zinabadilishana ili cheche isidhoofike. Stata na taa ziacheni.

Kama dainamo inabaki, lazima ifundishwe upya kabla ya kuwasha injini. Kwa dainamo za Lucas, ambazo ndizo tulizo nazo, ondoeni waya kwenye kichwa kilichoandikwa F juu ya dainamo. Chukueni waya kutoka kwenye kichwa cha betri ambacho hakikufungwa kwenye bodi, mguse nao kile kichwa cha F kwa nukta moja hivi, mara tatu au nne. Cheche ndogo zitaruka. Mguso ufanyike pale kwenye dainamo, si kwenye betri, kwa sababu ya hewa tuliyoitaja. Rudisheni waya wa F mahali pake. Dainamo nyingine za Marekani hazifungwi hivi ndani yake, kwa hiyo msitumie njia hii kwenye kila trekta.

Tumebakiza neno moja juu ya ethi yenyewe, na hili linahusu hazina wa kikundi kuliko fundi. Kabla ya moto ule, kikundi kile kilikuwa kimenunua betri mbili katika muda mfupi, kwa madai kwamba betri za siku hizi ni mbovu. Stata ilikuwa ikisema ka-ka-ka na kunyamaza. Tulipokuja kupima, tatizo lilikuwa waya wa ethi. Ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu, na nyuzi zake nyingi zimekatika ndani ya ganda. Stata ya dizeli inavuta ampea mia kadhaa kwa wakati mmoja, na umeme wa namna hiyo haupiti kwenye kutu.

Kupima ni rahisi. Betri iliyotulia na kujaa inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Sasa wekeni ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri cha upande wa ethi, juu ya kichwa chenyewe na si juu ya kibanio, na ncha ya pili kwenye chuma safi cha injini. Mwenzenu apige stata. Mita ikisoma chini ya nusu volti, ethi ni nzima. Ikisoma volti moja au mbili, msiende dukani. Fungueni, pigeni msasa mpaka chuma king'ae, fungeni kwa nguvu, kisha pakeni grisi juu yake. Kama waya umechoka, nunueni mnene kama ule wa awali. Tumekuta mahali waya wa nyumba umefungwa kama ethi ya stata, na waliufunga walishangaa kwa nini unachemka. Fanyeni kipimo hichohicho upande wa pili, kati ya betri na stata. Injini ikiwa inanguruma, pimeni betri yenyewe: dainamo ikiwa nzima volti zinapanda kuelekea 14.

Kuhusu dereva: tulikwenda kwenye kikao cha kamati pamoja na mchungaji wa usharika, tukaeleza yote tuliyowaeleza ninyi, tukaomba radhi kwake na kwa kamati. Kamati nayo ilimwomba radhi. Mshahara wa miezi aliyosimamishwa ulilipwa kutoka kwenye fungu la ofisi yetu, na tunashukuru uongozi wa dayosisi uliokubali. Fundi kijana hatukumfukuza. Hakuna aliyemwambia, na sisi tuliokuwa na wajibu wa kumwambia hatukujua. Dereva amerudi kwenye trekta lake, ingawa kidole kimoja bado hakikunji sawasawa. Yuko humu ndani, na ametukataza kumtaja jina.

Hapo nje chini ya mwembe kuna matrekta manne. Kopo la rangi nyeupe na brashi viko mezani kwa katibu. Kila kikundi kitapima trekta lake, na baada ya kuthibitisha kwa mita, si kwa kukumbuka, kitaandika kwenye sanduku la betri kwa herufi kubwa: PLASI KWENYE BODI, au MAINASI KWENYE BODI. Maneno hayohayo yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la trekta, na mwenyekiti aweke sahihi. Trekta lenye tela lifunguliwe tela kwanza. Tutaanza na lile la kijivu, kwa sababu mwenye nalo anasema ni mainasi na kitabu kinasema ni plasi.